Kiwanja cha Marehemu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walipokuwa wanakimbilia sangara na mitumba, safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi kibarazani kwetu Mabatini. Kwa hiyo nilipoambiwa huenda nina kiwanja ufukweni mwa ziwa, pale wawekezaji walipotaka kujenga kiwanda cha minofu ya samaki, nilicheka mpaka mama akaninyamazisha.

Aliyeniambia ni mjomba, kaka yake mama, wakati huo kiongozi mkubwa mkoani. Siku hiyo alikuja bila dereva.

"Shikamoo, baba," alinisalimu kama kawaida yake.

Nimerithi jina la babu, baba yao, na kwetu mwenye jina la mzee anaheshimiwa kama mzee mwenyewe. Nikaitika marahaba, nikiwa kifua wazi.

"Hati ina jina la mzee," alisema. "Huyu mwanasheria aliyeteuliwa kutuchunguza sisi viongozi, barua yake inamruhusu kugusa mali tulizopata tukiwa madarakani tu. Cha urithi hakimhusu. Sema ni cha babu, yaishe."

"Na kama si cha babu?"

"Basi ni chako, baba. Utamweleza ulikinunua kwa mshahara gani."

Mama alimtazama kaka yake, akanitazama mimi. Shule nilisomeshwa na mjomba. Hakunikumbusha, wala hakuhitaji.

Kesho yake mwanasheria akaja. Nilitegemea mtu wa kugonga meza. Badala yake alivua viatu mlangoni, akamwamkia mama, akatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa chai na kuyasifu.

"Unaanzia kwetu sisi wadogo?" nilimtania.

"Wakubwa wananiletea mawakili. Wadogo wananipa chai."

Tukacheka. Kiwanja hakukitaja kabisa.

"Nasikia una jina la mtu mzito. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Sasa mimi, ukinipa mgeni anayecheka, sina breki. Nikamsimulia babu wa Misungwi na ng'ombe wake, mzee aliyesema samaki ni nyoka aliyeoga. Alialikwa harusi Geita, akafika kivukoni, akayatazama maji mpaka Busisi ng'ambo, akageuza. Ng'ombe wa zawadi akavuka na watu wengine.

"Lakini alipozeeka alikuja kukaa huku mjini?"

"Yule? Aliapa halali mahali asiposikia ng'ombe. Tangu siku ya kivuko hakuliona ziwa mpaka tunamzika."

Mama aliacha kukoroga chai. Ndipo nami nikakisikia nilichokisema.

Mwanasheria alikuwa anaandika muda wote. Akanisomea maelezo yangu taratibu, akasema sheria inanipa haki ya kurekebisha kabla ya kusaini. Mambo yote yalikuwemo: harusi, kivuko, nyoka aliyeoga. Mama alinitazama akisubiri. Ningeweza kusema mzee alibadilika uzeeni, akapenda upepo wa ziwani, akanunua.

Niliona aibu kwa ajili ya mjomba, mtu mzima wa kuheshimika, kujificha nyuma ya marehemu mmoja na mvivu mmoja. Yangu ilikuwa mbaya zaidi. Asubuhi ile, nikipiga mswaki, nilikuwa nimeufanyia mazoezi uongo wake, na nilikuwa nausema vizuri. Mwanasheria angeniuliza moja kwa moja ningemdanganya. Ukweli ulinitoka kwa sababu napenda kuchekesha wageni.

Nikasaini.

"Wewe sasa ni shahidi wangu," alisema akivaa viatu. "Sitakushtaki."

Nikamshukuru. Mbele ya mama, nikamshukuru.

Alipoondoka, mama alikusanya vikombe, akajitanda kanga yake nzuri.

"Baba yangu umemsema vizuri," alisema. "Alikuwa hivyohivyo. Ngoja nikamwambie kaka mwenyewe, asije akasikia kwa watu."

Nikasema nitamsindikiza.

"Hapana. Akilia, si vizuri mtoto amwone."

Akatoka. Nilibaki nikiviosha vikombe, na cha mgeni nilikiosha mara mbili.