Maboga Mawili ya Pontiani

Jumamosi ile tuligombana kwa ajili ya boga. Nilikuwa nimeolewa miezi saba, na mume wangu Pontiani alinikuta bustanini nikiling'oa kwa kulisokota. Akanieleza tena, kama mwalimu wa darasa la pili, kwamba boga hukatwa kwa kisu na kuachiwa kikonyo chake, la sivyo huoza upesi. Lenye kikonyo hukaa darini juu ya moshi mpaka mvua nyingine. Nikamwambia basi angelioa hilo boga. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Jioni nililipika lile nililoharibu, vipande vikubwa, maji kidogo, majani ya mgomba juu, tukala na ugomvi ukaisha. Siku zile nazitamani sana.

Kwetu kulikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Burundi. Milima ya Ngara, upande wa Tanzania, tuliiona kila asubuhi.

Wiki iliyofuata risasi zilifika kilimani kwetu. Tulikimbilia kwenye matete ya mtoni, sisi watatu, mikono mitupu ila kisu cha Pontiani. Siku ya tatu bila chakula, mama mkwe alishindwa kusimama. Asipokula angekufa, na bustani haikuwa mbali. Pontiani akaenda, nami nikamfuata, nikalala kifudifudi kwenye mtaro kando ya bustani.

Alikata boga moja, akaniletea. Akarudi kuchukua la pili.

Nikasikia watu wakizungumza nyumbani kwetu.

"Ling'oe tu, Pontiani," nilisema.

"Hili ni la akiba," akajibu, akapiga goti na kisu chake.

Mlio ulikuwa mmoja.

Nilirudi nikitambaa, boga kifuani. Sikumzika mume wangu.

Mvuvi alituvusha. Upande wa Ngara tulimkuta mama mmoja wa Kihangaza, mwenyeji wa pale, akipalilia maharage. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Lete hilo boga, nikuwashie moto."

Nimezeekea hapa Kanazi, huku huku Ngara. Wapo wanaosema Pontiani alikufa kwa ujinga. Hawakumjua. Alikuwa akipanga chakula chetu cha mwezi ujao.

Siku ile nilimlisha mama mkwe kwa mkono wangu, kipande kwa kipande, huku akilia, naye akapona. Kisha nikala mimi. Nilikuwa na njaa, na lilikuwa tamu. Nililisifu kwa sauti mbele ya mama yake Pontiani, na mpaka leo naona haya.