Wifi Alivyowafua Sungura Wangu

Aliyewaharibu sungura wangu ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, yule wa Ihanja. Nasema wazi, maana nikinyamaza atawaambia watu walinyonyoka wenyewe.

Nilipigwa kiharusi, nikapona nusu. Mkono wa kulia ukawa mzito kama si wangu. Mama wa mazoezi pale hospitali akaniambia nitafute kazi ndogo ya vidole, nisipofanya hivyo utakauka. Binti yangu akaniletea kutoka mnada wa Mtinko familia ya sungura wa kuchezea, kawaokota kwenye lundo la mtumba: baba, mama na watoto wawili. Baba mwenyewe hazidi kidole. Mwilini wana manyoya mafupi, laini kama mahameli. Walikuja uchi.

"Mama, washonee," akasema.

Nikawashonea. Gauni la mama sungura lilinichukua wiki mbili, sindano inaanguka, naokota, natukana. Shule niliishia darasa la nne, lakini kushona najua. Siku suruali ya baba ilipomwingia sawasawa, nikajua mkono unarudi.

Ndipo wifi akaja kunijulia hali. Kwetu kitu cha mtumba hakikai ndani kabla ya kufuliwa, hilo silikatai. Mimi nimelala mchana, yeye akawavua sungura, akawatia kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, akawasugua kwa brashi ya viatu. Naamka nawakuta wameanikwa juu ya gunia la alizeti, vipara vitupu, manyoya yanaelea beseni zima.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimewatakatisha. Unajua walikotoka hao?"

"Nguo zitawapwaya sasa."

"Wamekonda kama wewe. Si ulikonda ukapona?"

Nikamvika baba suruali, ikateremka hadi miguuni. Ubishi ukaniishia. Nikamwambia wifi akae mkekani amshike huyo kipara wake, maana mkono wangu mmoja unashika nguo na ule mbovu una sindano. Akakaa, analalamikia kiuno. Kila sindano ikiponyoka anaguna.

"Bado tu?"

"Bado. Usimtikise."

Nilipunguza suruali ile mshono kwa mshono, kwa mkono wa kulia, bila kumwachia ainuke. Gari la Ihanja likampita. Akalala kwetu, na asubuhi, kabla hajamaliza uji, nikampa mama sungura amshike, gauni nalo lipunguzwe.