Panga la Daro

Kijijini kwetu, katika mkoa wa Kakheti, hakuna aliyelitilia maanani panga la Daro. Lilikuwa jembamba, refu kupita kiasi, limepinda kidogo, na mpini wake ulikuwa bonge la matambara yaliyogandishwa kwa lami. Daro alilitumia kufyekea miiba kwenye mizabibu yake, na mvua ikianza kunyesha alilitupa tu bandani.

Kumbe halikuwa panga. Ulikuwa upanga wa babu yake, aliyekuwa ofisa wa askari wapanda farasi enzi za mfalme wa Urusi, na chini ya yale matambara kulikuwa na mpini wa fedha tupu. Serikali mpya ilipopiga marufuku silaha majumbani, wengine walizika zao, wengine wakazitupa mtoni. Zakaro, babake Daro, aliichoma ala, akaufunga mpini, kisha akaupeleka upanga shambani ambako kila mpita njia angeuona. Mwaka aliofariki alimwambia binti yake siri hiyo.

"Usimwambie hata mumeo."

"Mume yupi, baba? Nina miaka kumi na mitano!"

"Atapatikana tu, kwa hiyo sura."

Akapatikana Shakro, kijana mpole wa kijiji cha jirani. Walikuwa na mwaka mmoja wa ndoa polisi aitwaye Varlam alipokuja kusaka silaha, maana kuna mtu alikuwa amechongea kwamba wajukuu wa yule ofisa wameficha kitu. Alibandua mbao za sakafu. Alichokoa kwa kijiti mitungi ya mvinyo iliyofukiwa ardhini kama ilivyo desturi yetu. Alipokosa, akashuka shambani alikokuwa Daro, na hapo koti lake likanaswa na miiba.

"Dada, hebu niazime hilo panga."

Daro akampa. Angefanya nini? Varlam akajinasua, kisha akafyeka tena mara mbili, safari hii kwa raha zake tu.

"Chuma hiki! Umekipata wapi?"

"Cha marehemu baba. Ubaya wake ni mpini, unanata mikononi."

"Mwanamume gani anamwachia mkewe takataka kama hii?"

"Mwulize mwenyewe, yule pale juu."

Shakro alikuwa amesimama na kapu la zabibu mikononi. "Nitautengeneza, mkuu," alisema. "Ni uvivu tu."

Varlam alirudisha panga, akanywa bakuli la mvinyo, akaenda zake. Daro akaendelea kufyeka pale alipoishia Varlam. Hakumwambia mtu.

Ikapita miaka arobaini na zaidi. Serikali ile ikaanguka, na wakaanza kuja watu wa Tbilisi wanaotafuta vitu vya kale. Mmoja wao, Otar, alikuwa mkusanyaji wa panga za vita. Daro alimwomba asubiri uani, akaingia ndani kwa mumewe. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimewaletea jibini.

"Shakro, kaa. Kuna jambo nimekuficha tangu tuoane."

Shakro akamega mkate. "Kama ni ule upanga, sema upesi, supu inapoa."

Daro akaduwaa. "Ulijua?"

"Tangu kiangazi cha kwanza. Lami ilipasuka kwa jua, nikaona kitu kinang'aa. Nikapaka nyingine. Kila baada ya miaka miwili mitatu nikapaka tena. Ulidhani inajipaka yenyewe?"

"Hata siku ya Varlam?"

"Miguu ilinitetemeka, mwanamke! Bila lile kapu ningeanguka."

"Na hukuniambia miaka yote hii?"

"Na wewe je?"

Daro akamchapa kwa kitambaa cha meza, wakacheka mpaka Shakro akapaliwa.

Otar aliyalainisha matambara kwa mafuta ya moto, akayabandua moja moja. Fedha ilitoka kama imefuliwa jana, imepambwa maua meusi, na jina la babu limechorwa kwa herufi zetu. Daro alilipapasa kwa kidole gumba. Lakini bapa lilikuwa limeliwa na tupa, likabaki upana wa vidole viwili tu.

"Mama, usingelinoa hili, watu wangepigana kwa ajili yake," Otar alisikitika.

"Nisingelinoa, mwanangu, Varlam angeuliza ni panga gani hili lisilokata."

Otar alitaka kuutia bapa jingine, zima. Daro akakataa katakata: ama auchukue ulivyo, ama auache. Otar akautazama kwa siku mbili, kisha akalipa, akauchukua ulivyo, akaahidi hataubadili. Daro aliufunga mwenyewe kwenye shuka safi.

Vuli ile, kwa pesa hizo, yeye na Shakro walikwenda Batumi, wakaiona bahari kwa mara ya kwanza. Shakro alikunja suruali akaingia mpaka magotini, akipiga kelele kwamba maji ni baridi. Daro alikaa kwenye kokoto, akala hindi la kuchemsha, akamwambia asiende mbali.