Nikiimba Ndani, Nje Wanafunga Turubai

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Ijumaa, ndipo nilipoanza kutoa makochi barazani, na mpaka leo naona haya kupita mtaani kwetu Magomeni mchana kweupe.

Binti yangu Neema alikuwa na sendofu kesho yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, na mimi nilikuwa nimeahidi mbele ya wakwe kwamba ataingia ukumbini kwa wimbo niliotunga na kuimba mwenyewe. Studio walitaka laki moja na nusu. Sasa mimi ni mtu wa kujisomea (kutengeneza redio nilijifunza vitabuni, gitaa vilevile), nikasoma namna ya kuzuia sauti chumbani, nikaona kumbe ni magodoro na mablanketi tu, basi nikaenda Mchikichini nikanunua mablanketi mazito ya mtumba, nikakodi guta likaniletea na magodoro chakavu, nikatoa kila kitu sebuleni, nikaegemeza magodoro ukutani, na dirishani nikapigilia blanketi jeusi. Mke wangu na Neema walikuwa saluni.

Kitabu kilisema pia mwimbaji apumzishe sauti kabla ya kurekodi. Kwa hiyo jirani yetu Mama Zuhura alipokuja kuniuliza, "Baba Neema, kuna nini huku?" sikumjibu. Nilishika koo, nikatikisa kichwa taratibu, nikaingia ndani na godoro la mwisho. (Macho yalikuwa mekundu kwa vumbi la mitumba, hilo nalo nakiri.)

Mfikirie yeye: makochi yako nje, magodoro yanaingia ndani, dirisha limefunikwa, na baba mwenye nyumba hawezi kutamka neno. Mtaani kwetu ukiona hivyo huulizi amekufa nani, unajifunga khanga na kuwaita wenzako, jina la marehemu mtalisikia hukohuko.

Nami nikazima simu, nikafunga mlango, nikaimba, nikarudia, nikarudia tena. Chumba kilikuwa kimya kabisa, nikajipongeza sana. Nilipotoka, shati limelowa jasho, nikakuta turubai limefungwa mpaka barabarani, wanawake wamekaa mikekani, sufuria la wali liko motoni, na kwenye kiti cha mbele amekaa Mzee Massawe, baba wa bwana harusi, aliyefunga duka lake la jumla Kariakoo ili awahi.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mzazi mwenzangu. Sherehe tumeiahirisha. Ndugu zetu wa Moshi nimewaambia washuke kwenye basi hapo Korogwe."

Nikamuuliza, "Kwani nani amekufa?"

Akamtazama Mama Zuhura. Mama Zuhura akanitazama mimi. "Si tulikuwa tunakusubiri wewe utuambie."

Kabla sijajibu, bajaji ikasimama, akashuka Neema na rola kichwani, na mama yake, ambaye alijua vizuri kwamba nyumbani amemwacha mtu mmoja tu. Alipoona turubai akajitupa chini, analia mume wangu, mume wangu, nani atanishika mkono ukumbini kesho, wanawake wote wakaitikia kilio, mpaka aliponiona nimesimama mlangoni na maiki mkononi. Akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, akauliza polepole, "Nani ametoa makochi yangu nje?"

Mzee Massawe ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashindwa kubonyeza simu, Neema akambonyezea, na ndugu wa Moshi wakatafutiwa basi jingine. Wali tuliula wote, tena kwa vigelegele.

Sendofu ilifanyika na wimbo ukapigwa. Umetoka safi ajabu: husikii turubai likifungwa, husikii hata mtu mmoja katika wale waliokuwa wananililia nje. Lakini nikitaka kurekodi tena, kwanza nitakwenda kwa Mama Zuhura nimwambie, na nitamwambia kwa sauti.

Rambirambi nilirudisha zote. Turubai, viti, mchele na nauli ya pili kutoka Korogwe nililipa mimi, na ukiondoa ile laki na nusu niliyookoa studio, hasara yangu ni shilingi laki mbili na themanini elfu.