Dubu Aliyekula Nyama ya Harusi

Ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Nyuma ya majengo marefu ya Flemingdon Park, jijini Toronto, mzee mmoja aliyejifunika blanketi la kahawia anakimbia katikati ya maegesho ya magari huku akinguruma. Mbele yake amesimama Donatienne Nabintu. Mama huyu hakimbii. Anachomoa kopo kiunoni, anamwacha mzee asogee hatua tatu zaidi, kisha anapuliza.

Kopo ni la mazoezi, halina ndani ile pilipili ya kufukuzia dubu. Hata hivyo mzee, Papa Eustache wa kwaya, anaanguka chali na kurusha miguu, na watoto waliojazana kwenye baraza za ghorofani wanampigia makofi.

"Mumeona?" Donatienne anawauliza wanafunzi wake kumi na wawili. "Ukimukimbia dubu, umemuambia wewe ni chakula."

Donatienne, mwenye umri wa miaka 47, ni mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa dola 22 kwa saa. Jumamosi mbili kila mwezi anawafundisha bure Wakongo na Warundi wenzake namna ya kuwinda katika misitu ya kaskazini, wanakoishi dubu weusi, na kurudi salama.

Uwindaji ameurithi. Baba yake aliwinda nguruwe pori milimani juu ya Uvira, kabla vita havijaisukuma familia hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Donatienne alifika Canada mwaka 2013. Kazini akakutana na Willy, mwosha vyombo anayekwenda porini kuwinda kila majani yanapopukutika.

"Aliniambia, njoo utupikie. Nikamujibu, nitapika, lakini na bunduki nitashika," anasema na kucheka.

Mtihani wa leseni ya uwindaji alifeli mara mbili kwa sababu ya Kiingereza. Mara ya tatu alipata alama 91.

Anachokifundisha leo alikilipia mwaka jana. Binti yake, Darlène, alikuwa anaolewa, na Donatienne aliwatangazia watu kanisani kwamba wageni watakula kulungu. Wiki moja kabla ya harusi alisafiri kwa muda wa saa sita kuelekea kaskazini pamoja na Willy na Papa Eustache.

Siku ya pili, jua likikaribia kuzama, alimpiga kulungu dume mnene. Mnyama akakimbilia vichakani. Walifuata damu mpaka macho yakashindwa kuona, wakarudi kambini.

"Kosa lilikuwa langu," anakiri. "Usipige jioni kama huna muda wa kutoa nyama."

Asubuhi walimkuta, lakini alikuwa amefukiwa kwa majani na udongo, miguu miwili tu ikichungulia. Kunguru walikuwa wametanda juu ya miti. Donatienne akajua: dubu hufukia chakula chake, na nyama imepata mwenyewe.

"Yaya Dona, ni nyama yetu!" Papa Eustache, anayemwita yaya, yaani dada, kwa heshima, alisema na kusogea.

Dubu akainuka nyuma ya gogo, hatua kama ishirini hivi, akigonganisha meno. Donatienne alimshika mzee koti, akamrudisha nyuma. Kwa mkono mwingine alichomoa kopo la pilipili. Kisha akaanza kuongea kwa sauti ya chini, akirudi kinyumenyume.

"Nilimuambia, kula, baba, kula. Sisi tunaenda. Kwa Kiswahili! Kiingereza chote kilinikimbia."

Hatua kwa hatua, bila kumpa mgongo, walifika kwenye gari. Dubu hakuwafuata. Walikwenda mwendo wa nusu saa. Kisha Papa Eustache akaangua kicheko.

"Amekula harusi!" alisema. Willy ilibidi asimamishe gari pembeni, maana machozi yalimzuia kuona barabara.

Wageni walikula kuku na sombe ya majani ya muhogo. Mshereheshaji alipotangaza kwamba kuna mwalikwa mmoja aliyetangulia kula, ukumbi mzima ulisimama kumshangilia mama wa bibi harusi. Usiku uleule watu saba walimwomba awafundishe.

Hadi sasa amefundisha watu 41. Wanajifunza kutundika chakula mtini, mbali na hema, hata dawa ya meno. Ndagala, yaani dagaa, zimepigwa marufuku kabisa. "Harufu yake dubu ataisikia tangu kijiji cha pili," anasema.

Mwezi Juni atafanya mtihani wa kuwa mkufunzi anayetambuliwa rasmi, ili afundishe kwa Kiswahili na Kifaransa.

"Sitaki watu waache kuogopa," anasema. "Nataka woga wao uwe na adabu."

Msimu ujao atawaongoza wanawake wanane. Ella, muuguzi ambaye hajawahi kulala hemani, ana swali moja tu: je, porini mtu anaruhusiwa kuimba?

"Njiani imba, mama, dubu akisikia watu anapisha; imba mpaka ajue unasali kanisa gani," Donatienne anamjibu. "Tukishakaa kuvizia, hapo sasa utasali kimoyomoyo."