Sungura Mwenye Jina la Mama na Mkono Wangu wa Kushoto

Nikikutana mjini Tororo na mtu wa kituo ninachofanyia kazi huwa najifanya nasoma simu, hata kama imezima, kwa sababu najua ataangalia kwanza mkono wangu wa kushoto ndipo aangalie uso. Aibu ninayo bado. Basi acheni niwasimulie mwenyewe, maana wengine wanaongeza chumvi na habari yenyewe ina chumvi ya kutosha.

Kwetu ni Bulumbi, Busia. Shule niliachia sekondari mwaka wa pili, lakini ndoto yangu tangu utoto ni udaktari wa mifugo (nilishawahi kumfunga bata bandeji akapona, au tuseme hakufa). Kwa hiyo nilipopata kazi ya kutunza sungura kwenye kituo kidogo cha utafiti wa mbu, upande wa Osukuru, nikajiona nimefika. Kazi yenyewe ni hivi: mbu jike hatagi bila damu, na mbu wa kituo, waliozaliwa mle mle na hawana malaria, damu yao wanaipata kwa sungura. Unamnyoa sungura mgongoni, unamtuliza ndani ya kisanduku, unamwegemezea kizimba cha chandarua, mbu wanakunywa, kwisha. Kuna zamu, kuna mapumziko, na kuna kamati ya maadili inayokuja kuhakikisha hakuna mnyama anayeonewa.

Kosa langu lilikuwa dogo. Sungura wetu wana namba tu, lakini mmoja alizaliwa wakati wa mavuno, na sisi Wasamia mtoto wa kike wa mavuno ni Nekesa, hakuna mjadala, nikamwita Nekesa. Sasa mama yangu mzazi naye ni Nekesa. Na kwetu mwenye jina la mama yako ni mama yako, hata akiwa kasichana ka juzi unamsalimia kwa heshima. Zamu yake ya kwanza ilipofika nikamweka kwenye kisanduku, akaniangalia, nikaona kabisa namtoa mama aliwe na mbu. Nikamrudisha kwenye majani yake, nikafunga mlango, nikakunja shati, nikaingiza mkono wangu.

Zamu iliyofuata vivyo hivyo, na nyingine, ikawa desturi. Mbu wakanywa, mayai yakatagwa, Nekesa akanenepa, mimi nikajikuna.

Halafu Daktari Owor, mkuu wetu, akaniambia kwamba kamati inakuja, na wakiridhika na sungura wangu atanipeleka kwenye mafunzo ya utunzaji wa wanyama, yale yenye cheti. Nilianza kujiona nimevaa gambuti, watu wa Bulumbi wananiita daktari kutoka mbali.

Wakaja wawili: mwenyekiti, mama mmoja daktari wa wanyama mwenye miwani, na Mama Athieno, muuza samaki wakavu wa mpakani, aliyewekwa kwenye kamati ili maswali ya watu wa kawaida nayo yaulizwe. Jua lilikuwa la kukaanga karanga, na mimi nimefunga koti jeupe mpaka kifungo cha mwisho. Walisifu mabanda, walisifu maji, na kwa sifa hizo mwenyekiti akamchagua yule aliyependeza kuliko wote, akataka kuona zamu yake inavyokwenda. Nani? Nekesa.

Alikuwa hajaingia kisanduku miezi na miezi. Kichwa kikaingia, makalio yakakataa. Daktari Owor akasukuma kwa adabu, jasho likimtoka, mpaka Nekesa akapiga teke moja, kisanduku chini, yeye huyoo mapajani kwa Mama Athieno. Na pale mezani kizimba cha mbu kilikuwa kimejaa upande mmoja tu, upande niliosimama mimi. Nikasogea kushoto taratibu kama mtu anayetazama dirishani. Wakasogea kushoto. Nikarudi kulia. Wakarudi.

"Mbona hii mbu nafuata kijana," Mama Athieno akasema, "kama vifaranga nafuata mama yao?"

Mwenyekiti akasogea. Alimchukua Nekesa, akapapasa mgongo wenye manyoya mazito ambayo wembe umeyasahau, kisha akaangalia koti langu.

"Kijana, kunja huo mkono wa koti."

Nikakunja. Mkono wangu ulikuwa kama ganda la fenesi. Daktari Owor akauliza nani aliniweka kwa mbu, nikasema nilijiweka. Kwa nini? Nikamnyooshea Nekesa kidole.

"Ana jina la mama yangu."

Mama Athieno alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, akasema mimi nitafutiwe kamati ya watu, hii ya sungura hainitoshi. Hata Daktari Owor alijikohoza. Mwenyekiti ndiye hakucheka. Alivua miwani.

"Mayai yote yale tulijua ni ya damu ya sungura. Sasa hayafai. Kazi inaanza upya, na watakaoianza upya ni hawa wengine. Walinyolewa bure."

Nikageuka nikawaona, wote na namba zao, wanatafuna. Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze, koti na vifungo vyake.

Mafunzoni akaenda mtu mwingine. Mimi nikapimwa damu, nikapewa panga la kukata majani. Nekesa, kwa kuwa hakuwahi kutumika, kamati iliruhusu afugwe nyumbani, nikampeleka Bulumbi, nikakuta habari imeshatangulia sokoni Busia.

"Wandera," mama akaniuliza, "katika watu wote duniani, sungura ukamwona mimi?"

Lakini anamlisha majani ya viazi vitamu, na wageni wakimtazama kwa jicho la mchuzi anawaambia huyo haliwi, huyo ni mimi.

Juzi nimerudishwa kwa sungura. Asubuhi nikakuta namba tisa ana kidonda sikioni, na ilikuwa zamu yake. Mkono wangu wa kulia ulishaanza wenyewe kuukunjia wa kushoto shati. Nikaukamata, nikaenda ofisini mchana kweupe, nikabisha hodi.

"Daktari, namba tisa ana kidonda. Leo asiende kwa mbu."

Daktari Owor akaniangalia kidogo.

"Basi apumzike."

Akaendelea na chai yake. Ya mafunzo hakutaja, nami sikuuliza. Nilibaki pale mlangoni najikuna pasipowasha, nikifikiria mbu wote wale niliowalisha kwa siri, kumbe ilikuwa ni kubisha hodi tu.