Mkeka wa Mto wa Mpakani

Ule mto sijauona, wala sidhani nitauona, lakini wiki nzima ulininyima utulivu. Uko huko Ufini na Urusi zinapopakana, kwenye baridi. Mimi niko Kipungani, kijiji cha pwani, nasuka mikeka na nyanya yangu, na shule nilikomea darasa la nane.

Aliyeniletea mto huo ni mgeni, bibi wa Kifini mwenye miaka themanini na kitu. Ujanani alikuwa muuguzi Tanzania bara, na Kiswahili chake kimebaki safi kama nguo ya sandukuni. Alitoa karatasi iliyoanza kukatika kwenye mikunjo. Babake aliichora vitani, Wafini walipopigana na Warusi, akaituma nyumbani: mto unaojipinda, na ukingoni vimraba kumi na kimoja.

"Haya ni mahandaki yao," akaniambia. "Waliezeka magogo, juu udongo, juu theluji. Mto ulipoganda, Warusi walivuka kwa miguu."

Babake alikuwa kwenye handaki la nne. Hakurudi. Yeye wakati huo alikuwa tumboni mwa mamake, na ardhi ile sasa iko upande wa Urusi, kaburi halijulikani. Alitaka mkeka wenye mchoro ule, auweke kando ya kitanda. "Nikiamka, miguu yangu imguse." Alhamisi angeondoka.

Nikasuka, akili iko huko. Askari wa doria na magunia yao ya mchanga sisi huku tumewazoea, lakini jeshi kutembea juu ya maji? Kila nikikaa nainuka, naenda ufuoni, nakanyaga maji kujaribu, narudi.

"Keti kitako," nyanya akasema. "Nti ya watu, huko mbali, huijui, waihangaikiani?"

"Nyanya, wewe ungepita juu ya maji yaliyoganda?"

"Na magoti haya? Suka."

Mkeka wetu husukwa vipande virefu vyembamba, kila kimoja ukili, kisha huunganishwa ubavu kwa ubavu. Na kitu cha kwanza msichana kufunzwa ni kwamba pambo la upande huu likutane na la upande ule. Mkeka usiokutana hapelekewi bibi harusi. Nyanya alimaliza kushona Jumatano asubuhi. Nikautandaza. Mto mweusi katikati, vimraba vyekundu kumi na kimoja upande huu, na vingine kumi na kimoja upande ule, vyaangaliana. Mikono ilikuwa imefanya ilivyofunzwa, mwenyewe sipo.

"Umekutana," nyanya akasema, ameridhika.

"Babake alikuwa upande mmoja tu, nyanya."

"Na upande wa pili kulikuwa na nani, mbuzi?"

Nikatoka, nikarudi, nikatoka tena. Mgeni akafika kabla sijapata uongo mzuri. Akapiga magoti taratibu, akagusa kimraba cha nne, cha babake. Kisha kidole kikavuka mto, kikasimama.

"Hawa ni nani?"

"Ni kosa langu, bibi. Kwetu pambo lazima likutane."

Akakiondoa kidole. "Siwezi kuwaweka chumbani mwangu, mwanangu. Umri wote huu, bado siwezi."

Nyanya akachukua kisu. "Si neno, Bi. Twafumua." Akakata uzi mahali pamoja, akauvuta mpaka mwisho, na mkeka ukawa miwili. Mto ukabaki upande wa babake. Mgeni akaukunja, akaukumbatia, akanishika shavu. Alhamisi boti ikamchukua, mkeka uko mapajani.

Nusu ya pili nimebaki nayo. Nyanya asema niongeze ukili pale palipofumuliwa, tuuze. "Tia kijani, watu wapenda kijani." Siku tatu, kila nikikaa nainuka. Kijani ni majani, na mbele ya watu wale wa ng'ambo hapakuwa na majani, palikuwa na mto. Leo nimechovya miaa ya mkeka kwenye rangi nyeusi, ya mto.

"Nyeusi tena?" nyanya akauliza. "Nani atanunua?"

"Huu hauuzwi."

"Basi ulalie mwenyewe, wewe na Warusi wako."

Nikacheka, nikavuta miaa, nikaanza kusuka.